Rubani Ni Anayeyajua Maji

Katika masomo yetu ya tafsiri kuna neno moja la Kifaransa ambalo kila mara linaligawa darasa: "pilote". Si pilote wa ndege. Huyo hana ugomvi na mtu. Ni yule wa "projet pilote", "école pilote", "phase pilote" na "comité de pilotage", maneno yanayojaa katika karatasi za mashirika yanayofanya kazi hapa Butembo na Beni. Wenzetu wa upande mmoja wanasema tuandike "mradi wa majaribio", kama wanavyoandika Dar es Salaam na Nairobi. Wa upande wa pili wanasema tuliache lilivyo, "mradi wa pilote", kwa kuwa watu wamekwisha kulizoea. Mimi naona pande zote mbili zinakimbia mno. Neno hili limetoka majini, na historia yake inatuletea swali ambalo "majaribio" haliulizi na "pilote" linalificha: katika mradi huu, nani anaijua njia, na nani anaibeba hatari?

Tuanze na neno lenyewe. Kifaransa kililichukua kutoka Kiitaliano, "pilota", na Kiitaliano kililipata kwa Wagiriki wa Bizanti, waliomwita mshika usukani "pedotes", kutokana na "pedon", yaani kasia. Kwa hiyo mzizi wa neno hili ni kipande cha mti kilichotumbukizwa majini. Ndege zilipokuja mwanzoni mwa karne ya 20, neno lilikuwa tayari na umri wa karne kadhaa. Mwendesha ndege aliazimwa jina la mtu wa meli, kama vile kiwanja cha ndege kilivyopewa kwa Kifaransa jina la bandari, "aéroport".

Kiswahili kilipita njia hiyo hiyo bila kumwiga Mfaransa. Ukimwuliza mtoto wa Butembo, pale karibu na uwanja wa Rughenda, au mtoto wa Beni anayeziona ndege zikishuka Mavivi, nani anaendesha ndege, atakujibu "piloti". Mtoto wa Tanga atakujibu "rubani". Lakini rubani, kabla ya ndege, alikuwa mtu wa chombo: aliyekiongoza katika maji asiyoyajua mwenye chombo. Neno lilitujia kwa Kiarabu, "rubban", na yapo maelezo yanayolifikisha mpaka Kiajemi: "rah", njia, na "ban", mlinzi. Mlinzi wa njia. Hata leo, katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, wapo marubani ambao kazi yao haiwapandishi ndege hata siku moja. Wanapanda meli.

Rubani hakuwa peke yake chomboni. Kulikuwa na nahodha, na jina lake nalo ni la Kiajemi: "nav", chombo, na "khuda", bwana. Nahodha ni bwana wa chombo, mwenye amri. Na kulikuwa na mwalimu. Walimu wetu wanaousoma ukurasa huu wasishtuke: katika Bahari ya Hindi, "mu'allim" ilikuwa cheo cha yule aliyezisoma nyota, akahesabu siku za kusi na kaskazi, akajua kina cha maji na alama za pwani. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, mahali ambapo leo ni Ras al-Khaimah, alikiandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari karibu na mwaka 1490, na cheo chake kilikuwa hicho hicho cha mu'allim. Baba yake aliitwa "rubban al-barrayn", rubani wa pwani mbili, kwa kuwa alizijua pande zote mbili za Bahari ya Shamu. Kiswahili kimeleta cheo cha mu'allim mpaka kwenye mlango wa darasa letu. Anayefundisha na anayeongoza chombo wamewahi kuitwa kwa jina moja, na sioni kwamba hilo ni jambo la bahati tu. Wote wawili wanatakiwa kuwa wamepita kwanza mahali wanapowapeleka wengine.

Kisa maarufu zaidi cha rubani katika pwani ya Kiswahili ni cha mwaka 1498. Vasco da Gama alifika Malindi akiwa na meli zenye mizinga, lakini hakuwa na njia. Alikuwa ameshagombana na watu wa Msumbiji na wa Mombasa. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na ushindani wake mwenyewe na Mombasa, alimpa mtu wa kumwongoza. Wareno waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya Calicut, nchini India. Siku zisizotimia 30, katika bahari ambayo hawakuwahi kuivuka.

Mtu yule alikuwa nani? Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walimwita "Malemo Cana" au "Malemo Canaqua". Wengi walilisoma kama jina la mtu. Lakini "malemo" ni "mu'allim" katika mdomo wa Mreno, na sehemu ya pili ni neno la Kihindi la mtaalamu wa hesabu na nyota. Kwa maneno mengine, hilo si jina: ni kazi iliyotajwa mara mbili. Baadaye, katika karne ya 20, ilienea habari kwamba aliyemwongoza da Gama ni Ibn Majid mwenyewe, na habari hiyo bado inarudiwa katika vitabu vya shule. Wataalamu walioichunguza wameikataa. Mwandishi Mreno João de Barros alimtaja kuwa ni Mwislamu wa Gujarati, yaani mtu aliyekuwa anarudi upande wa kwao. Tuangalie basi kilichotokea: jina la mwenye mizinga linajulikana na kila mwanafunzi wa darasa la sita, na jina la aliyeijua njia limepotea. Kimebaki cheo tu, nacho kimeandikwa vibaya.

Msomaji anaweza kusema kwamba bahari iko mbali na sisi. Si mbali hivyo. Vitenge vinavyouzwa katika maduka ya Butembo, vipuri vya pikipiki, simu, sufuria, sehemu kubwa yake inapita Mombasa. Meli inapokaribia, haijiingizi yenyewe Kilindini. Inamngoja rubani wa bandari nje ya mwamba. Anakuja kwa mashua ndogo, anapanda kwa ngazi ya kamba, anasimama karibu na kapteni na kumwambia: kulia kidogo, punguza mwendo, hapa kuna fungu. Kapteni anaweza kuwa amezunguka dunia mara 20, na meli yake inaweza kuwa na mitambo ya kila aina. Bado sheria inamtaka amkaribishe mtu anayeyajua maji ya pale. Baada ya hapo tu ndipo mzigo unaposhuka, ukapakiwa kwenye lori, ukavuka Kenya na Uganda mpaka Mpondwe, ukaingia Kasindi, ukapanda Beni, ukafika kwetu. Kila mfanyabiashara wa Butembo ana deni kwa rubani asiyemjua.

Tena hatuna haja ya kwenda Mombasa. Nenda Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edward. Mwenye mtumbwi na mwenye injini wanaweza kuwa watu matajiri wa mjini. Lakini usiku ule wa kwenda kuvua, anayekaa nyuma na kushika usukani ni yule anayejua viboko hulala wapi na upepo hugeuka saa ngapi. Yeye naye yumo mtumbwini. Ukizama, anazama nao.

Hapo ndipo ulipo moyo wa neno hili, na nauweka katika mambo matatu. Rubani anayajua maji kwa sababu amekwisha kuyapita. Rubani si mwenye chombo. Anaalikwa, anashauri, na kapteni anabaki na amri na lawama. Na rubani yumo ndani ya chombo: hatari ya wengine ni hatari yake.

Sasa tuutazame "projet pilote". Neno lilifikaje huko? Njia yake inaonekana wazi. Kinachotangulia na kuwaonyesha wengine njia kiliitwa pilote: mashua inayotangulia meli, hata samaki anayeogelea karibu na papa. Kutoka hapo, shule inayotangulia shule nyingine katika mtindo mpya ikaitwa "école pilote". Mpaka hapa hakuna ubaya. Lakini wazo la kutangulia liligeuka polepole kuwa wazo la kujaribu: kinachotangulia ndicho kinachopimwa, ili tuone kama wengine wafuate au waache. Na katika mgeuko huo mtu alitoweka. Pilote wa zamani alikuwa ni mtu anayejua. Pilote wa leo ni kitu kisichojulikana bado. Anayejua, kama yupo, anakaa ofisini mbali. Na anayetangulia majini ni kijiji.

Tofauti hii haikubaki vitabuni kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018, ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kutoka Mangina, karibu na Beni. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Nilikuwa bado sekondari. Tulijifunza kuosha mikono kwa maji ya klori kwenye kila kizuizi, na tulijifunza pia msamiati mzima wa Kifaransa ambao hakuna aliyetufafanulia: "riposte", "contact", "cas suspect", "protocole", "essai". Neno "riposte" lilikuwa na maana ya kuupiga ugonjwa. Mitaani likawa jina la watu wenye magari: "watu wa riposte wamefika". Lilipofika hapo, halikuwa tena na maana ya kupigana na Ebola. Lilikuwa na maana ya wao, si sisi.

Katika miezi hiyo kulikuwa na majaribio ya kweli, na yalikuwa ya maana sana. Tangu Novemba 2018, dawa nne zililinganishwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mwezi wa Agosti 2019 ilitangazwa kwamba mbili kati yake zinaokoa watu wengi zaidi, hasa wanaofika mapema. Dunia nzima leo inatibu aina ile ya Ebola kwa elimu iliyopatikana kwa wagonjwa wa kwetu. Chanjo nayo ilitolewa kwa watu zaidi ya 300,000, na kwa muda mrefu ilitolewa chini ya utaratibu wa utafiti, kwa kuwa ilikuwa haijapata kibali cha kawaida.

Watu waliambiwaje hayo? Hapa ndipo mtafsiri alipobanwa. Akisema "majaribio", anasema kweli, lakini neno lenyewe ni zito masikioni. Katika kanisa zetu, "majaribu" ni yale tunayomwomba Mungu atuepushe nayo, na katika usemi wetu wa kila siku majaribio na majaribu ni ndugu wa karibu sana. Mtu anayesikia "dawa ya majaribio" anaweza kusikia kwamba yeye ndiye anayejaribiwa. Akikwepa uzito huo na kusema "programu ya pilote", hasemi uongo, lakini hasemi kitu. Msikilizaji anabaki na sauti ya Kifaransa na shaka yake. Na shaka inayoachwa bila neno hujitafutia neno.

Sitaki kudai kwamba vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwezi wa Februari 2019 kwa sababu ya tafsiri mbaya. Hilo lingekuwa jambo la kitoto. Watu wa Beni walikuwa wanauawa tangu Oktoba 2014, na walijiuliza kwa nini dunia ilikuja kwa ajili ya Ebola na haikuja kwa ajili ya mapanga. Desemba 2018 waliambiwa kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima kwa sababu ya ugonjwa na usalama. Kutoaminiana kulikuwa na mizizi mirefu kuliko neno lolote. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho ni chetu sisi wa isimu: pale ambapo imani imekonda, neno lisiloeleweka haliwezi kubaki tupu. Linajazwa hofu.

Najua pingamizi litakalotoka kwa walimu wetu, na ni pingamizi zuri. Tumefundishwa mwaka wa kwanza kwamba asili ya neno si maana yake. Neno lina maana ambayo wasemaji wa leo wanalipa, na hakuna mtu anayezuiwa kuendesha gari kwa sababu "usukani" ulikuwa wa mashua. Nakubali. Sisemi kwamba "pilote" lirudi majini kwa nguvu. Nasema mambo mawili. La kwanza, maana ya zamani haijafa: marubani wa bandari wapo kazini leo, na mshika usukani wa Kyavinyonge yupo kazini usiku huu. Neno lina maana mbili zinazoishi pamoja, na maana ya pili inajipamba kwa heshima ya ile ya kwanza. Mradi ukiitwa "pilote" unasikika kama umeshajua njia, na kumbe ndio kwanza unaitafuta. La pili, mtafsiri halazimiki kulitafsiri pazia. Anatafsiri kilicho nyuma yake. Katika Kifaransa, pazia moja linafunika vitu viwili tofauti. Kiswahili kinaweza kuvitenganisha, na hiyo ni nguvu ya lugha yetu, si upungufu wake.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Pale ambapo matokeo hayajulikani, ambapo kuna watu wanaoweza kuumia na wenye haki ya kukataa, tuandike "majaribio", bila kulainisha, kisha tueleze kwa sentensi nzima: nani anajaribu nini, kwa nani, na mtu akikataa inakuwaje. Uzito wa neno hilo una kazi. Unamwamsha msikilizaji aulize. Pale ambapo jambo limekwisha kufanywa mahali pengine na linaanza kwetu kwa sehemu ndogo, kama shule kumi kabla ya shule zote, tuandike "mradi wa kutangulia" au "hatua ya kwanza". Hakuna haja ya kumtisha mtu kwa neno la majaribio ambapo hakuna kinachojaribiwa. Na "comité de pilotage" tuiite "kamati ya usukani", ili kila anayekaa katika kiti chake akumbuke ameshika nini. Hata "gouverneur" lina damu hiyo hiyo: kwa Kilatini "gubernator" alikuwa mshika usukani wa meli. Jimbo letu liko chini ya gavana wa kijeshi tangu hali ya dharura ilipoanza tarehe 6 Mei 2021, kwa hiyo hata cheo hicho kinastahili swali letu: anayeshika usukani anayajua maji haya, na yumo chomboni pamoja nasi?

Neno "rubani" nalo tulitunze kwa ajili ya mtu. Katika kila mradi unaofika Butembo au Beni, kabla ya kutafsiri karatasi ya kwanza, tuulize: rubani wake ni nani? Si mkurugenzi, huyo ni nahodha, na hatumnyang'anyi amri. Rubani ni muuguzi wa Mangina anayejua familia ipi inazika vipi. Ni mama wa soko anayejua habari hupita mlango gani. Ni mwalimu wa Oicha anayejua njia ipi haipitiki baada ya saa kumi. Mtu wa Gujarati aliyetoka Malindi hakuwa mzaliwa wa Malindi, na hilo halikumzuia. Sidai kwamba rubani lazima awe Mnande au mzaliwa wa mtaa. Nadai kwamba awe ameyapita maji haya, na kwamba awemo chomboni.

Hili linatuhusu sisi kwanza. Katiba ya 2006 inaitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, lakini Kifaransa ndiyo lugha rasmi, na karatasi nyingi zitaendelea kutufikia kwa Kifaransa. Wengi wetu tutakaotoka kitivo hiki tutaajiriwa kuzigeuza. Tutapewa siku mbili, na tutaambiwa neno moja kwa neno moja. Naomba kitivo kianze sasa orodha ya istilahi za afya, misaada na usalama kwa Kiswahili kinachosemwa hapa, na Kinande kando yake. Na mbele ya kila neno tusiandike maana peke yake. Tuandike pia tumelisikia kwa nani, na yeye amelielewaje. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi: inahitaji miguu, daftari na masikio. Na tukiulizwa kwa nini orodha hiyo itungwe Butembo na si mahali penye wataalamu wakubwa zaidi, jibu lipo. Hata meli kubwa kuliko zote ikifika Kilindini husimama nje, ikamngoja mtu wa mashua ndogo.